Jiko, Mvukuto na Tunguri: Kufundisha Historia ya Usukuma katika Makumbusho ya Bujora

Anayetoka Mwanza kwa barabara iendayo Musoma hufika Kisesa baada ya kilomita zipatazo 20, na hapo huonyeshwa kilima chenye mawe makubwa kiitwacho Bujora. Juu ya kilima hicho pana kanisa la mviringo, na karibu na kanisa pana Makumbusho ya Wasukuma. Magari ya shule hufika hapo kutoka Shinyanga, Kahama na Geita. Watoto wa Geita walikuwa wakingoja kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, nao hufika mapema zaidi. Hata hivyo safari ni ndefu, na dereva hapendi kurudi usiku. Watoto hupata saa mbili, au kwa bahati njema tatu. Makala haya yanahusu saa hizo mbili: ni nini kifundishwe ndani yake, na anayefundisha anahitaji kujua nini.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la chuo cha theolojia. Nasi tuliona hivyo kabla hatujapewa kazi ya kuongoza makundi ya vijana wa sekondari, tukifuatana na wanafunzi wetu wanaojiandaa kufundisha dini mashuleni. Tuligundua upesi kwamba vitu vilivyowekwa katika nyumba zile si vyote vilivyokwisha kupitwa na wakati. Ngoma ya mtemi haipigwi tena kwa amri ya mtemi, hilo ni kweli. Lakini tunguri la mganga mtoto wa Geita amelikuta kwa jirani yake juma lililopita, na pengine nyumbani kwao. Tena katika nchi hii ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu, maneno yanayosemwa juu ya tunguri na juu ya macho ya vikongwe yamekwisha kugharimu maisha ya watu wengi. Kwa sababu hiyo tulilazimika kuirudia historia, tujue kwanza vitu hivi vilifikaje Bujora.

Hazina ya mtemi na moto wa wamisheni

Yafaa tukumbuke kwamba Wasukuma walikuwa na nyumba za kuhifadhia vitu vya kale kabla Mzungu hajajenga yoyote. Katika ikulu ya mtemi palikuwa na nyumba iliyoitwa ihale, ambamo ziliwekwa ngoma, viti, mikuki na mavazi ya utemi. Hapakuwa mahali pa kuingia kila mtu. Walikuwapo wazee waliokabidhiwa, wenye kujua ngoma ipi ni ya mtemi yupi, na ipigwe siku gani. Elimu hiyo ilipokewa kwa kukaa karibu na mzee kwa miaka mingi. Kwa hiyo ihale ilikuwa na vitu, tena ilikuwa na msemaji wake, na msemaji huyo hakuwa mtu wa kuokotwa njiani.

Namna hiyo hiyo palikuwa na elimu katika vyama vya ngoma. Vyama vikubwa viwili vya Usukuma, Bagika na Bagalu, vyajihesabu kutoka kwa wacheza-ngoma wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi hayo hushindana baada ya mavuno, yakicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Dawa za kuvuta watu zilikuwa sehemu ya ufundi wao, kama vile zilivyokuwa nyimbo na mavazi. Palikuwa pia na vyama vya wawinda nungunungu na vya wacheza na nyoka, ambao walijua dawa za sumu. Katika vyama hivyo vyote dawa, kazi na wimbo vilifundishwa pamoja, wala mwanafunzi hakuviona kuwa masomo matatu.

Wamisheni walipofika waliona vingine. Mapadri Weupe walianza kituo cha Bukumbi mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walikuwa Nassa tangu 1888, na mwaka 1909 kituo hicho kilipokelewa na Africa Inland Mission, ambayo baadaye ilijenga pia hospitali ya Kolandoto karibu na Shinyanga. Sisi Walutheri tulikuja nyuma yao sana. Katika sehemu nyingi mtu aliyetaka kubatizwa alitakiwa kuleta hirizi na tunguri zake, nazo zikachomwa mbele ya watu. Ngoma nazo zilikatazwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kutenga mdundo na dawa iliyofichwa ndani ya ngoma.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wazee wetu. Wengi wao walileta vitu hivyo kwa hiari na kwa furaha, nao waliona kweli kwamba wamefunguliwa. Lakini mtu wa Kilutheri hawezi kusoma habari za mioto ile bila kukumbuka mambo ya Wittenberg mwezi Machi 1522. Karlstadt na wafuasi wake walitaka sanamu ziondolewe makanisani, na watu wakaanza kuzivunja. Luther alitoka Wartburg akapanda mimbarani kwa siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu kama vitu vya lazima. Alichokataa ni ule uvunjaji wa nguvu unaodhani kwamba kitu kikitoweka machoni kimetoweka na moyoni. Alitaka neno lihubiriwe kwanza, mpaka moyo wenyewe uache kukitegemea kitu. Katika Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alitumia miaka mingi akichunguza mafundisho ya Wachagga, ingawa si wote waliokubaliana naye. Huku kwetu Usukuma moto ulitangulia, na mafundisho yakafuata kwa uchache. Matokeo yake ni kwamba watu walibaki na imani ya dawa, wakapoteza wale wazee waliojua dawa ni nini na mpaka wake ni upi.

Padri Clement na kazi ya Bujora

Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wa aina mbalimbali walianza kuandika habari za Usukuma. Serikali ya Waingereza, ikitaka kutawala kupitia kwa watemi, iliunda mwaka 1946 Shirikisho la Usukuma lenye makao makuu Malya. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, alikuwa mtu mashuhuri katika mambo hayo. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mtaalamu wa serikali, Hans Cory, alichapisha kitabu juu ya taratibu za kumsimika mtemi mwaka 1951, na kingine juu ya sheria na mila mwaka 1953. Ni kazi zenye thamani. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mabwana shauri, na wala mtoto wa Kisukuma hakuhesabiwa kuwa msomaji wake.

David Clement alikuwa padri kutoka Kanada, mmoja wa Mapadri Weupe. Alipoanza parokia ya Bujora katika miaka ya 1950 alishika njia nyingine. Aliketi na wazee na walimu wa Kisukuma, akakusanya nyimbo, vitu na maelezo. Kanisa lake likajengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, likapambwa kwa alama za utemi, ili aingiaye ajue kwamba yu mbele ya Mfalme. Haya aliyaanza kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikani kutoa hati yake ya liturujia mwezi Desemba 1963. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo aliipa ngoma za Bagika na Bagalu, ikaitwa Bulabo, yaani maua, na mpaka leo huvuta maelfu ya watu mwezi Juni. Kati ya Walutheri wapo wanaoona kwamba alikwenda mbali mno. Hatutaki kuuanzisha ubishi huo hapa.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya watemi. Jambo hilo husomwa kwa kawaida kama habari ya siasa, lakini lilikuwa pia habari ya vitu. Ngoma na viti vya enzi vilibaki bila kazi, ihale zikakosa walinzi, na wazee wenye kujua majina wakaanza kufa mmoja mmoja. Makumbusho ya Bujora yalifunguliwa mwaka 1968, miaka mitano baadaye, nayo yakapokea mengi ya yale ambayo yangeoza au kuuzwa kwa wageni. Nyumba ya watemi ilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kuna nyumba ya vyama vya ngoma, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na makazi ya mfano ya familia ya Kisukuma. Padri Clement alifariki mwaka 1986.

Hapa twataka msomaji aone badiliko kubwa lililotokea. Katika ihale aliyeingia alikuwa amekwisha kufundishwa, na mlinzi alimjua kwa ukoo. Bujora huingia mtoto asiyejulikana, anayesema Kiswahili kuliko Kisukuma, ambaye babu yake huenda alichoma tunguri na baba yake huenda amenunua jingine. Kitu ni kile kile, lakini yule mzee wa kusimama kati ya kitu na mtoto hayupo tena. Mahali pake anasimama kiongozi wa makumbusho, au mwalimu wa darasa, au mwinjilisti kama sisi.

Kosa letu

Safari yetu ya kwanza tuliongoza vibaya, na kosa lilikuwa letu peke yetu. Tuliwaonyesha vijana ngoma za watemi kwa fahari kubwa. Tukasimulia Ngika na Gumha hata wakacheka. Tulipofika penye nyumba ya mganga, mmoja wetu alisema kwa haraka kwamba hayo ni mambo ya giza na ya zamani, kisha akawapungia mkono watoke. Kijana mmoja, mtoto wa mchimbaji, hakutoka. Aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, kama ni ya zamani, mbona kwetu mwenye shimo hateremki kabla mganga hajafika?" Hatukumjibu. Tulimwambia gari linasubiri.

Njiani tulijadiliana. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba kumweleza mtoto habari za uganga ni kumfungulia mlango, na kwamba kunyamaza ni afadhali. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Wazazi wengi Wakristo wanaiamini. Lakini yule kijana alikwisha kuuona mlango huo wazi tangu utoto. Kunyamaza kwetu kulimwachia maelezo ya mganga na ya wapiga porojo wa kambini, nasi tukajiondoa katika shauri.

Tuliporudi mara ya pili tulibadili mpango. Hatukuanza na watemi. Tulianza na jiko.

Jiko

Kabla ya safari tulikuwa tumekusanya samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, kama yanavyotumiwa kupikia katika vijiji vingi vya Shinyanga visivyo na kuni. Baada ya kuomba ruhusa, tulitoka na vijana mpaka uwanja wa wazi, mbali na mapaa ya nyasi, tukaweka mafiga matatu na sufuria ya maji, tukawasha. Wasichana watatu na wavulana watatu waliketi karibu wakichochea mpaka maji yakachemka. Moshi wake ni mzito na wenye kuwasha. Maji yalipochemka tuliwaambia wote sita wageuke, wenzao wawatazame macho. Yalikuwa mekundu. Tuliuliza: kati ya hawa sita, nani mchawi? Vijana walicheka. Halafu, kidogo kidogo, wakaacha kucheka, maana hakuna aliyetoka Shinyanga asiyejua tunauliza habari gani.

Tume ya serikali iliyochunguza mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi ilihesabu watu zaidi ya 3,600 waliouawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Alama iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu ya vikongwe. Mauaji hayakuishia mwaka 1984.

Sasa mwalimu wa historia ana kazi ya kueleza macho hayo yalitoka wapi, na maelezo yapo. Shinyanga haikuwa jangwa tangu zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, mtu wa serikali ya kikoloni aliyefariki mwaka 1938. Njia mojawapo ya kumwondoa mbung'o ilikuwa kufyeka pori lote, maana bila kivuli hawezi kuishi. Watemi waliwatoa watu wao kwa maelfu, na eneo kubwa la nchi likafyekwa. Ng'ombe walipona wakaongezeka. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilitwaa sehemu nyingine. Mwaka 1974 wananchi walihamishiwa katika vijiji, familia zilizokuwa zimetawanyika zikasogezwa pamoja, na miti iliyokuwa karibu na makazi mapya ikaisha kwa muda mfupi. Mwanamke wa Shinyanga akabaki na samadi na mabua. Anayepikia moshi huo kwa miaka 50 ndani ya nyumba isiyo na dirisha hana budi kuwa na macho mekundu.

Wataalamu wameongeza kwamba kule kuhamishiwa vijijini kuliwakutanisha majirani wasiojuana, waliokuwa na mashaka wao kwa wao, na Simeon Mesaki ameandika kwa kirefu juu ya uhusiano huo. Hatudai kwamba moshi peke yake waeleza kila kifo. Wengine waliuawa kwa ajili ya shamba au urithi, na macho mekundu yakawa kisingizio tu. Lakini kisingizio nacho kikivunjwa, muuaji amepoteza silaha moja. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ambao ulihimiza wenyeji kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti ikue. Ngitili ni mila ya Kisukuma. Vijana walishangaa kusikia kwamba mila iliyosahauliwa ilirudisha kuni, na kuni zikapunguza moshi. Jambo hilo waliliandika bila kuambiwa.

Tumekaa sana juu ya jiko, kwa kuwa hapo ndipo tulipoona somo likigeuka kuwa la watoto wenyewe. Nyumba nyingine twazipitia kwa haraka zaidi.

Mvukuto

Nyumba ya mhunzi ni ya watoto wa Geita hasa, ingawa wenyewe hawajui. Wahunzi waliojulikana Usukuma nzima walikuwa Warongo, watu wa Buzinza na sehemu za Geita. Jembe lao lilivuka nchi na maji likauzwa mbali, likatolewa mahari, likawa kama fedha. Kijana wa Geita aliyelelewa kusikia kwamba madini yaligunduliwa na Wazungu husimama mbele ya mvukuto ule kwa namna nyingine kabisa. Ni kweli kwamba Wajerumani waliandika habari za dhahabu ya Geita mwaka 1894, na kwamba mgodi wa Waingereza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Lakini watu wa nchi hii walikuwa wakisoma mawe na moto zamani kabla ya hapo.

Uyeyushaji wa chuma ulikuwa na dawa zake. Katika miaka ya 1980 Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliandika habari za wazee wa Kirongo waliorudia kazi hiyo waliyoiacha zamani. Katika nchi za Maziwa Makuu tanuru lilifikiriwa kama mwanamke anayezaa, na dawa zilizowekwa chini yake zilikuwa za kulinda uzazi huo. Mhunzi alikatazwa mengi, naye aliyeyusha kwa ajili ya jembe, na jembe lilikuwa la watu wote. Twawaomba vijana walinganishe na mashimo ya kwao. Wachimbaji wadogo waliongezeka sana mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya kuuza dhahabu. Mwaka 1996 waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa. Shimo la mchimbaji mdogo ni la bahati nasibu: huyu anapata, jirani yake aliye hatua kumi kutoka hapo hapati kitu, na hakuna ajuaye sababu. Mahali kama hapo mganga hana haja ya kutafuta wateja.

Tunguri

Ndipo tunapoingia katika nyumba ya mganga, nasi hatuendi mbio tena. Twawaonyesha mizizi na magome, twawaambia habari za uaguzi wa kuku, ambao Wasukuma wameujua tangu zamani, na za masamva, roho za mababu, ambazo ziliheshimiwa katika nyumba ya mganga. Twawaambia pia kwamba Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yatambua tiba hiyo na kudai isajiliwe. Msimamo wetu wa imani hatuufichi. Mwanafunzi akiuliza kama Mkristo aenda kwa mganga kuaguliwa, twamjibu. Lakini jibu hilo latolewa baada ya kuvitazama vitu, si badala ya kuvitazama.

Kisha twauliza swali la yule kijana wa kwanza kwa namna nyingine: kati ya vitu hivi vyote, wapi mmeona kiungo cha mwanadamu? Vijana hutafuta. Sisi hatujakiona, na katika maelezo ya Warongo tuliyoyataja hatukukuta habari za watu wenye ualbino.

Swali hili ni zito. Kuanzia mwaka 2007 hivi habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zilienea kutoka Mwanza, Shinyanga na sehemu za Geita. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akafichua waganga waliokuwa tayari kuuza dawa ya namna hiyo, naye akatishiwa maisha yake. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Watoto wengine walikimbiziwa shule ya Buhangija mjini Shinyanga, wakalala humo mbali na mama zao kwa miaka.

Magazeti mengi ya nje, na wahubiri wetu wengi pia, waliyaita mambo haya mila ya Wasukuma. Hapo ndipo historia inapokataa. Deborah Fahy Bryceson na wenzake walionyesha katika makala yao ya mwaka 2010 kwamba biashara hii yafuata wachimbaji na wavuvi wenye fedha za ghafula na hofu ya kuzikosa. Ni dawa mpya iliyotungwa kwa wateja wapya. Aliyeitunga alijificha chini ya jina la mila, akijua kwamba wazee wenye kuijua mila na kumkanusha walikuwa wamekwisha kufa, au wamenyamazishwa. Sisi wa kanisa tunapoiita mila tunampa muhuri.

Mwinjilisti mmoja, mzaliwa wa Geita, alituambia baada ya somo hilo kwamba miaka yote alihubiri dhidi ya mauaji kwa kuwaambia watu waache mila zao. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakaona anatukana mababu, wakaenda zao. Alikuwa na haja ya mtu wa kumwambia kwamba mababu hawakuwa mashahidi wa upande ule.

Safari yetu ya karibuni ilimalizika kama zote, dereva akipiga honi. Msichana mmoja wa upande wa Kahama alibaki uwanjani penye mafiga. Kulikuwa na vipande vya samadi visivyoungua. Aliomba kimoja. Tulipomwuliza cha nini, alisema kwamba nyumbani kuna bibi yake, mama mzaa baba, ambaye watu wameanza kumsema, na kwamba mjomba wake hataamini maneno matupu. Mpaka awashe mwenyewe na kuona. Tulizungumza na mwalimu wake kando, naye akaahidi kwenda hadi kijijini pamoja na mwenyekiti. Kipande tulimfungia katika gazeti, akakiweka katika mkoba kati ya daftari zake, akapanda gari.